Rust baada ya miezi nane kwenye mfumo wa ghala: gunia la "weka chochote" nimelitupa

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Hii ni rivyuu ya Rust, ile lugha ya programu, na naiandika kama mtu aliyeitumia kazini miezi nane hapa Dodoma, sio kama mtu aliyeangalia video mbili akaja kuhubiri. Sitaongelea spidi wala nani anamzidi nani kwa milisekunde, hayo mnayo tayari. Nataka kuongelea kitu kimoja tu kilichonitesa: umepewa data mchanganyiko, hapa namba, pale maneno, pale hamna kitu kabisa, alafu lugha unayotumia inataka ujue aina ya kila kitu kabla programu haijawaka. Sasa unaiweka wapi?

Kazi yenyewe ni mfumo wa ghala la nafaka Kibaigwa. Kwa wasiopajua, Kibaigwa iko wilaya ya Kongwa, barabara ya kwenda Morogoro, ukishapita Mbande unakaribia, na pale pana soko la kimataifa la nafaka, msimu wa mahindi ukifika malori hayaishi. Mwenye ghala ni mama mmoja mtu mzima, ana kaunta buku la jalada gumu limechoka kona zote, kila mzigo ukiingia karani anaandika jina, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), zao, na safu moja kichwa chake KIASI. Hiyo safu ndo chanzo cha kila kitu. Nilipiga picha ukurasa mmoja nikakaa nao usiku nyumbani Nkuhungu. Mstari wa kwanza: gunia 12. Wa pili: debe 3. Wa tatu: kg 540.5. Wa nne: bado kupima. Wa tano, naapa: kasema analeta Jumanne.

Mistari mitano, vitu vitano tofauti, safu moja.

Ukiwa na lugha kama Python haikusumbui, unarundika vyote kwenye listi moja yenyewe inapokea tu, utajua mbele ya safari. Ila mi nilikuwa nimeanza na Go, lugha nyingine inayotaka aina zijulikane mapema, kwa sababu seva niliyokodi ni ya bei chee, ramu kidogo, na Go naipenda, siifichi. Go ina neno any, zamani tulikuwa tunaliandika interface{} na mabano yake, hilo jina fupi limekuja na toleo la 1.18 Machi 2022. Maana yake ni kisanduku kinachopokea chochote. Nikatengeneza ramani, funguo stringi (yaani maandishi), thamani any, nikamwaga daftari lote humo na nikajiona mjanja kweli siku hiyo, mpaka soda nikajinunulia.

Sasa ngoja niieleze any kwa lugha ya Kibaigwa. Ni gunia limeshonwa mdomo, halina alama. Ndani yanaweza kuwa mahindi, mtama, alizeti, au pumba tupu. Ukitaka kujua unachukua bambo, unachoma, inatoka punje kidogo kwenye kiganja unaangalia. Go ndo hivyo hivyo, thamani ikikaa kwenye any inabebwa na vielekezi viwili, kimoja cha aina kimoja cha data yenyewe, jumla baiti 16 kwenye mashine ya biti 64, kwahiyo habari ya aina haijapotea, ipo, ila we unayeandika huioni mpaka uchome. Na ukichoma kwa kujiamini ukasema hii ni floti64 (namba ya desimali), hujauliza kwanza, kumbe ndani ni stringi, programu inapaniki inafia hapo hapo. Yangu ilifia saa tatu asubuhi watu wamepanga foleni na mizigo, na aliyeiua ni yule wa Jumanne.

Nikafanya ambacho kila mtu anafanya, nikasambaza mabambo. Kila nilipotaka kutumia kiasi nauliza kwanza, we ni floti? we ni stringi? basi we nani? Nilikuja kuhesabu nikakuta sehemu 31. Na kila sehemu niliandika kivyake, kuna iliyohesabu debe, kuna iliyosahau debe kabisa.

Ila kilichoniumiza zaidi hakikupiga kelele.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Orodha ya wakulima wa zamani ilikuwa kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi), dogo ninayefanya naye kazi akaligeuza JSON (maandishi ya kupeana data kati ya programu) kwa skripti ya Python. Python haina tabu na namba ndefu, ikazitoa NIDA zote kama namba tupu zisizo na alama za kunukuu, kila tarakimu mahali pake. Go ikisoma JSON kuingiza kwenye any, kila namba inafanywa floti64, ndo desturi yake. Na floti64 inatunza namba nzima kwa uhakika mpaka 9,007,199,254,740,992 hivi, yaani tarakimu 16. Ukifika ukubwa wa NIDA inatembea kwa hatua ya 4,096, kwahiyo namba mbili zilizokaribiana zinaweza zikaangukia shimo moja.

Tulikuwa na wazee wawili wa kijiji kimoja, tarehe ya kuzaliwa moja (mnajua wazee wetu, tarehe nyingi ni za kukadiria), namba zao zinatofautiana mkiani tu. Mfumo ukawafanya mtu mmoja. Mzigo wa huyu ukaingia kwa yule. Mzee mmoja akaja ghalani na fimbo yake, hana hata hasira, akaniuliza taratibu, "Kijana, gunia zangu nane zimekwenda wapi?" Aisee. Afadhali angefoka. Gunia zilikuwepo, ziko pale ghalani zimepangwa na jina lake kwa makapeni, kilichopotea ni yeye ndani ya kompyuta.

Jioni nikasema basi, niweke uint64, namba nzima kubwa isiyo na hasi. Hapo nikacheka peke yangu kama kichaa, maana uint64 inaishia 18,446,744,073,709,551,615, nayo ni tarakimu 20, na NIDA inaanza na mwaka. Kwahiyo ingewatosha wakulima wote waliozaliwa mwisho mwaka 1844. NIDA sio namba jamani. Hujumlishi NIDA mbili, hugawanyi kwa tatu. Ni maandishi yenye sura ya namba, kama namba ya simu inayoanza na sifuri.

Na lazima niwe muungwana hapa. Go haikunikosea. Ningeandika struct (fomu inayotaja aina ya kila sehemu) yenye NIDA ya aina ya stringi, Go ingelikataa lile faili asubuhi na mapema ikanionyesha na jina la sehemu yenye tatizo. Hata kwa any kuna UseNumber inayotunza namba kama ilivyoandikwa. Na Rust nayo, ukitumia ile Value ya serde_json, maktaba yake ya JSON, kama gunia la kila kitu, kwa mpangilio wake wa kawaida namba ya tarakimu 20 inaishia kuwa floti vilevile. Ubaya ulikuwa gunia langu, na ningelibeba hivyo hivyo kwenda lugha yoyote.

Sasa kwa nini nimehamia Rust kama Go haina kosa? Kwa sababu ya kitu kinaitwa enamu. Najua wengi tukisikia enamu tunawaza orodha ya majina, Jumatatu Jumanne Jumatano. Ya Rust ni nyingine, kila jina linabeba mzigo wake wa aina yake. Wazo lenyewe la zamani, wamelitoa kwenye ukoo wa lugha za ML za miaka ya 1970, Rust wao toleo la 1.0 lilitoka Mei 2015. Ile safu yangu ya KIASI ikawa hivi:

enum Kiasi {
    Gunia(u32),
    Debe(u32),
    Kilo(f64),
    BadoKupimwa,
    Ahadi(String),
}

Isome polepole (u32 ni namba nzima isiyo na hasi, f64 ni ya desimali, String ni maandishi). Ni ule ukurasa wa kaunta buku, mstari kwa mstari. Baada ya hapo unaweza kuwa na listi moja ya Kiasi, humo ndani gunia zimekaa na madebe na ahadi za Jumanne, na bado kwa kompaila, ile inayojenga programu toka ulichoandika, hiyo ni listi ya aina MOJA. Ndo siri yote. Data yangu haikuwa mchanganyiko wa dunia nzima, ilikuwa mchanganyiko wa vitu vitano ninavyovijua kwa majina. Nilikuwa nasema "chochote" kwa uvivu wa kuvitaja.

Alafu kila gunia sasa lina alama. Kila thamani inabeba lebo inayosema ni lipi kati ya hayo matano, na hufiki kwenye mzigo bila kupitia lebo. Unatumia match, unaeleza ikiwa Gunia fanya hivi, ikiwa Debe fanya hivi (debe sita gunia moja, hesabu ya mtaani), ikiwa Ahadi usihesabu kilo hata moja. Ukisahau moja programu haijengeki kabisa. Unapata kosa namba E0004, linakwambia kabisa hujamshughulikia BadoKupimwa. Zile sehemu 31 za mabambo zimebaki 9, na zote tisa zinakubaliana.

Utamu wake niliuona mwezi wa tano hivi. Mpwa wake yule mama analima zabibu Hombolo, akauona mfumo kwa shangazi yake akautaka, ila zabibu haziendi kwa gunia, ni kreti. Nikaongeza mstari mmoja, Kreti(u32), nikajenga. Kompaila ikatoa makosa tisa mekundu, kila moja na faili lake na mstari wake. Sikutafuta kitu. Niliyafuata moja moja kama mtu anayesoma orodha ya sokoni, ilipoadhiniwa magharibi nikawa nimemaliza. Ingekuwa ile programu yangu ya Go kreti zingeingia kwenye default (tawi la "mengine yote"), zingehesabiwa kilo sifuri na hakuna ambaye angesema kitu mpaka siku ya malipo.

Haya, maudhi sasa, na yapo ya kutosha.

La kwanza nimejipa mwenyewe. Ile match inakubali alama ya mstari wa chini yenye maana ya "na mengine yote", na dogo wangu anaipenda kama nini. Ukiiweka umerudi kwenye gunia lisilo na alama, maana ukiongeza Kreti kompaila inakaa kimya, inajua umeshasema mengine yote. Nimempigia kelele mpaka nimechoka. Anajibu, "Kaka ilikuwa inakataa kujenga." Ndio, kazi yake ni kukataa.

La pili ni serde, ile maktaba ya kusoma JSON ambayo kila mtu wa Rust anaitumia. Ina namna inaitwa untagged, unamwambia jaribu aina moja baada ya nyingine mpaka moja ikubali. Apu ya zamani ya karani ilikuwa inatuma namba tupu, nikasema poa, untagged. Gunia ni u32, Debe ni u32, zina umbo moja, na serde inajaribu kuanzia juu. Namba 3 inagonga mlango wa Gunia, Gunia anafungua, Debe hata hajasikia hodi. Mkulima wa debe tatu akawa na gunia tatu, mara sita ya alichokileta. Karani ndo aliyeiona kwenye majaribio, sio mimi na shahada yangu. Dawa yake ni kuifanya JSON yenyewe ibebe lebo, aina yake Debe, thamani yake 3, na apu ikabidi irekebishwe. Na ukikosea kwenye untagged ujumbe unaopata ni kwamba data haikufanana na aina yoyote, basi. Ipi? Kwa nini? Utajiju.

La tatu, nafasi. Enamu inachukua ukubwa wa mkubwa wao. Stringi ya Rust ni baiti 24 kwenye biti 64, kwahiyo hata Gunia(12) linalohitaji baiti 4 linapewa chumba cha 24 au zaidi. Hilo silijali. Ila kuna siku nikataka kuweka kijipicha cha mzigo, nikaongeza aina yenye safu ya baiti 4,096 ndani kwa ndani. Kila kiasi kwenye listi, hata yule wa Jumanne ambaye hajaleta punje, akapewa chumba cha baiti 4,096 na ushee. Rekodi 50,000 zikawa zinakula kama megabaiti 200 kwa hewa tupu, seva yangu ya bei chee ikasalimu amri. Unarekebisha kwa kuiweka picha pembeni kwenye Box ukabaki na kielekezi tu, na Clippy, yule mkaguzi wa Rust, alikuwa ameshanionya nikampuuza. Kwahiyo hapo lawama nusu kwa nusu.

La nne ndo linaloniuma mfukoni. Kujenga kunachelewa. Laptopu yangu ramu 8, kujenga upya toka mwanzo naenda kununua chai na chapati narudi bado inasaga, na folda ya target niliwahi kuikuta imefika gigabaiti 6 kwa programu ambayo ikiisha ni megabaiti chache. Umeme ukikatika katikati unaijua hali yako. Na maktaba za kushusha zinakula bando, ingawa zenyewe bure, lugha yenyewe bure, leseni ni MIT na Apache 2.0 huna wa kumlipa.

La tano, watu. Hapa Dodoma ukitafuta wa kusaidiana naye Java au PHP unampata kabla ya mchana, vijana wapo kibao. Rust nilizunguka wiki mbili. Mwisho nikamfundisha dogo mwenyewe, na wiki tatu za kwanza alikuwa anagombana na ile habari ya umiliki, thamani ukishaikabidhi kwingine huna haki nayo tena. Alitaka kuacha. Mimi pia nilitaka kuacha, ila sikumwambia.

Wa Java msinune, nanyi sasa mnayo. Chuoni tulikuwa tunatupia kila kitu kwenye Object alafu tunaomba Mungu ClassCastException isitokee siku ya kuwasilisha. Java 17 ya 2021 imeleta sealed, unataja warithi wote halali, na Java 21 ya Septemba 2023 switch inakagua kama umewamaliza. Kotlin yeye ana sealed class na when kitambo, na kama kazi zako ni apu za Android sioni sababu ya kuhama hata kidogo. C wana union toka enzi hizo, ila lebo unaishika mwenyewe na ukiisahau hakuna wa kukukumbusha, C++ wakaja na variant mwaka 2017. Mi nimeiona Rust kama ile ambayo njia sahihi ndo njia fupi, huhitaji kujilazimisha, enamu ni mistari saba umemaliza.

Na gunia lenyewe Rust analo pia, linaitwa Box<dyn Any>, na lina matumizi yake, kama unapokea mzigo wa watu unaupitisha tu hujali kilichomo. Miezi nane sijaligusa.

Nyota? Kwa kazi hii, data ya mchanganyiko unaoweza kuutaja, nampa 4 kati ya 5. Kwa mtu mwenye laptopu ya kuazima na tarehe ya kukabidhi wiki ijayo, 2, abaki na Go aandike struct zake vizuri, atalala tu usingizi. Ile nyota ya tano nimeinyima kwa ajili ya untagged na zile chapati nilizokula nikisubiri.

Wiki iliyopita nilienda Kibaigwa kufunga toleo jipya. Nimemwamkia mama, shikamoo, marahaba mwanangu, nikamwonyesha kwenye simu orodha ya vipimo, gunia, debe, kilo, kreti, nikamuuliza kama kuna kingine kimebaki maana kuongeza sasa hivi ni rahisi, kompaila yenyewe itanionyesha pa kugusa. Akaangalia nje, pale vijana wanapakia lori, gunia zimeshindiliwa mpaka zimeota kichwa, kamba zimezungushwa juu. Nikasema, "Mama, niongeze na lumbesa?"

Akanirudishia simu. "Andika gunia, mwanangu. Lumbesa haiandikwi."